Lubumbashi: laini moja ya intaneti, wanafunzi mia mbili. Proksi inaweza kugawa rezo kwa haki?

Mitihani inapokaribia mjini Lubumbashi, shida ya kwanza ya mwanafunzi mara nyingi si kitabu. Kitabu kipo kwenye intaneti, na pengine ni cha bure. Shida ni kukifikia. Mwanafunzi anaketi mbele ya kompyuta ya chuo, anabonyeza, anangoja. Mstari wa kupakua unasogea kidogo, kisha unasimama. Jirani yake anatikisa kichwa na kusema maneno ambayo kila mkaaji wa mji huu anayajua: "Rezo haiko."

Lakini mara nyingi rezo iko. Tatizo ni kwamba imekwisha kuchukuliwa. Kwenye laini hiyo hiyo, mmoja anatazama mpira, simu kumi zinasasisha programu zenyewe bila mwenye simu kujua, na kompyuta thelathini za ukumbi zinavuta kila moja faili ile ile kutoka ng'ambo. Mwenye TFC ya kumaliza anabaki na matone.

Kwa kijana ambaye wazazi wanamtumia pesa za kutosha, suluhisho ni kununua mega kwenye simu yake na kuendelea. Kwa asiye na pesa hizo, laini ya chuo ndiyo njia pekee. Ndiyo maana ugawaji wa intaneti chuoni si jambo la mafundi tu. Unaamua nani atamaliza kazi yake kwa wakati, na nani atasubiri.

Hesabu ya bomba

Tuchukue mfano wa chuo kilicho na laini ya megabiti 10 kwa sekunde, na wanafunzi 200 waliounganishwa kwa saa moja. Wote wakivuta kwa pamoja na kugawana sawa, kila mmoja anapata kilobiti 50 kwa sekunde. Kitabu cha megabaiti 25, ambacho kwenye laini iliyo wazi kingeshuka kwa sekunde 20, sasa kinahitaji zaidi ya saa moja.

Na hiyo ni kama kila mtu anachukua sawa. Ukweli ni tofauti. Video moja ya ubora wa kawaida inakula karibu megabiti moja kwa sekunde. Watu kumi wakitazama video, laini yote ya mfano wetu imejaa, na 190 waliobaki wanagombania makombo.

Wakaaji wa Lubumbashi wanalijua jambo hili kupitia maji. Pale ambapo avenue nzima inategemea robine moja ya REGIDESO, hakuna anayeshangaa kwamba mtu aliyekuja na mapipa matano anawachelewesha wenye bidoni moja. Watu hupanga foleni na kuweka kanuni. Kwenye intaneti foleni haionekani kwa macho, kwa hiyo kanuni husahauliwa.

Mtu mmoja anaenda sokoni kwa niaba ya wote

Chombo ambacho vyuo vingi duniani vimekitumia kwa kazi hiyo kinaitwa seva ya proksi. Ni kompyuta inayowekwa kati ya wanafunzi na laini ya nje. Badala ya kila mmoja kwenda mwenyewe kwenye intaneti, anaiomba proksi, nayo inakwenda kwa niaba yake na kumletea alichotaka.

Faida ya kwanza ni akiba. Ikiwa mwanafunzi wa kwanza ameomba faili fulani, proksi inaweka nakala kwenye diski yake. Wa pili akiomba faili ile ile, anapewa nakala iliyo hapo hapo chuoni, bila kugusa laini ya nje. Ni kama mtu mmoja wa avenue anayekwenda sokoni kwa wote, akarudi na gunia la unga, na kila nyumba ikachota kwake.

Hesabu inaonyesha uzito wake. Sasisho la kompyuta la gigabaiti 4 linachukua dakika 53 hivi kwenye laini yote ya megabiti 10. Kompyuta 30 zikilivuta kila moja kivyake, laini itafanya kazi hiyo peke yake kwa zaidi ya saa 26. Likivutwa mara moja na kuwekwa kwenye akiba, zile dakika 53 zinatosha, na zinaweza kuwa za usiku wa manane wakati ukumbi umefungwa.

Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Squid, jina ambalo kwa Kiingereza ni la ngisi, mnyama wa baharini. Ilitoka mwaka 1996, ikijengwa juu ya mradi wa utafiti wa Marekani ulioitwa Harvest, chini ya uongozi wa Duane Wessels. Ni ya bure na huria, maana yake chuo hakilipi leseni. Kwa ukumbi mmoja wa kompyuta, mashine ya zamani yenye memori ya gigabaiti 4 na diski nzima inaweza kutosha.

Kwa wanafunzi wa informatika nchini Congo, Squid si kitu kigeni. Kuweka proksi na kugawa bendi ni moja ya mada zinazorudi mara nyingi kwenye TFC na memwari za mitandao. Swali ni kwa nini kazi nyingi za namna hiyo hubaki kwenye rafu baada ya kutetewa mbele ya juri, wakati ukumbi wa jirani bado unalia rezo.

Bidoni na tangi

Faida ya pili ya proksi ni ugawaji wenyewe. Squid ina mfumo ambao unaweza kuelezwa kwa bidoni na tangi. Kila mwanafunzi anapewa bidoni lake. Linapojaa, anaweza kulimwaga kwa kasi yote ya laini. Likiisha, anasubiri lijazwe taratibu, kwa kasi ambayo fundi ameiweka. Juu ya mabidoni yote kuna tangi kuu, ili jumla ya matumizi isipite kipimo cha chuo.

Tuseme bidoni ni la megabaiti 20, na linajazwa kwa kilobaiti 16 kwa sekunde. Anayetafuta makala ya megabaiti 15 anaipata mara moja, kwa kasi yote iliyopo. Anayevuta filamu ya gigabaiti moja anapata megabaiti 20 za kwanza haraka, kisha 980 zilizobaki zinamchukua saa 17. Hakuna aliyemkataza. Ameambiwa tu kwamba mzigo mkubwa utasafiri polepole ili wenye mizigo midogo wapite. Na anayesoma kwa kupumzika kati ya faili na faili hatambui kikomo chochote, kwa sababu bidoni tupu linajaa tena ndani ya dakika 21 hivi.

Kuna pia kanuni za saa. Masasisho yanaweza kuruhusiwa kuanzia saa tano za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Video za burudani zinaweza kupunguzwa mchana na kuachiliwa usiku. Kinachotoka kwenye akiba ya proksi hakihitaji kuhesabiwa kwenye bidoni la mtu, kwa kuwa hakikugusa laini ya nje.

Bahasha iliyofungwa

Hata hivyo, anayesoma kitabu cha mwaka 2006 kuhusu proksi na kukifuata neno kwa neno atakata tamaa. Intaneti imebadilika. Zamani kurasa nyingi zilisafiri wazi kama kadi ya posta, na proksi iliweza kuzisoma na kuziwekea akiba. Leo kurasa nyingi zinasafiri ndani ya bahasha iliyofungwa, mfumo unaoonekana kwa herufi HTTPS mwanzoni mwa anwani. Tangu Desemba 2015, shirika la Let's Encrypt linatoa bure kwa umma vyeti vya kufungia bahasha hizo, na tovuti ndogo nazo zikafuata.

Proksi inaona jina la tovuti iliyo juu ya bahasha, lakini haioni kilichomo. Haiwezi kuweka akiba ya video ya YouTube au ukurasa wa Facebook kama ilivyofanya na kurasa za zamani. Bidoni na tangi bado vinafanya kazi, kwa sababu kupima uzito wa bahasha hakuhitaji kuifungua. Lakini akiba imepungua sana.

Akiba haikufa kabisa. Faili nyingi za kusasisha Windows, na pakiti za Linux kama Ubuntu na Debian, bado husafiri bila bahasha, kwa kuwa zina sahihi ya kidijitali inayozuia kughushiwa. Hapo ndipo proksi inapookoa gigabaiti nyingi. Windows 10 na zilizofuata zina pia njia ya kugawana masasisho kati ya kompyuta za mtandao mmoja. Mara nyingi inangoja tu fundi wa kuipanga.

Kwa mengine yote, mafundi wengi wameongeza kazi kwenye ruta yenyewe. Vifaa vya MikroTik na programu ya pfSense vinagawa laini kwa kila kifaa, iwe ni wavuti, simu ya video au mchezo. Kuna pia njia mpya za kupanga foleni, kama ile ya fq_codel iliyoandikwa rasmi mwaka 2018, ambayo inahakikisha upakuaji mkubwa wa mtu mmoja haugandishi ujumbe mdogo wa mwingine.

Maktaba ndani ya ukuta wa chuo

Njia rahisi kuliko zote ya kuokoa laini ni kutoitumia. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inaruhusu kuweka Wikipedia nzima ya Kifaransa kwenye diski moja, picha zikiwemo, kwa makumi ya gigabaiti. Ikishawekwa kwenye seva ya chuo, wanafunzi wote wanaisoma kwa wi-fi bila mega hata moja. Silabusi za maprofesa, TFC za miaka iliyopita na vitabu huria vinaweza kukaa hapo hapo.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchini kote kwa karibu siku 20. Mwenye nakala ya Wikipedia ndani ya ukuta wake aliendelea kusoma.

Kuna pia hazina ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwezi Januari 2002, na ambao leo uko chini ya Research4Life, unafungua majarida ya kisayansi ya kulipia kwa taasisi za nchi maskini. Congo iko kwenye kundi linaloingia bure. Ila anayeingia ni taasisi iliyojiandikisha. Hapo proksi inafaa tena: chuo kinaweza kumpitisha mwanafunzi aliye nyumbani Katuba au Ruashi kwenye seva yake, ili aonekane kama yuko chuoni na milango ifunguke.

Nani anaona nini?

Proksi ina upande wa pili ambao lazima usemwe wazi. Mashine inayopita kila ombi inaandika kila ombi. Kwenye daftari lake kuna saa, kifaa na jina la tovuti, na kama wanafunzi wanaingia kwa namba zao za matrikule, kuna jina la mtu. Anayeshika daftari hilo anaweza kujua nani alisoma nini kuhusu ugonjwa gani, dini gani au chama gani cha siasa.

Kuna hatari kubwa zaidi. Squid inaweza kupangwa ili ifungue bahasha za HTTPS, isome, kisha izifunge tena. Ili ifanye hivyo, cheti cha chuo lazima kiwekwe kwenye kila kifaa. Mwanafunzi akiambiwa aweke cheti kama hicho kwenye simu yake mwenyewe, ajue kwamba anampa fundi uwezo wa kusoma hata maneno ya siri ya barua pepe na ya benki. Kwa kugawa laini, kitendo hicho hakihitajiki kabisa.

Sheria ipo. Kodi ya kidijitali ya Congo, iliyotolewa kwa sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima kuhusu ulinzi wa data za watu binafsi. Kwa lugha ya ukumbi wa kompyuta, hiyo ina maana ya mambo machache: wanafunzi waambiwe kinachoandikwa, daftari lifutwe baada ya muda uliotangazwa, na asilisome yeyote bila sababu ya kazi.

Umeme kwanza

Fundi yeyote wa Lubumbashi ataongeza jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: SNEL. Proksi ikizimika, na wote wanapita kwake, wote wanakosa intaneti hata kama laini ni nzima. Umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, diski ya akiba inaharibika. Kwa hiyo bajeti ya proksi huanzia kwenye onduleri na betri, kisha kwenye njia ya dharura: proksi ikifa, ruta iwapitishe watu moja kwa moja, kwa kasi ndogo, hadi itakapoamka.

Kutoka setilaiti hadi Kasumbalesa

Shida hii haikuanzia Lubumbashi wala haiko hapa tu. Katikati ya miaka ya 2000, utafiti uliofanywa kwenye vyuo vikuu vya Afrika ulionyesha kwamba chuo cha kawaida kilikuwa na laini sawa na ya nyumba moja ya Ulaya, kililipa bei mara 50 zaidi ya vyuo vya kwingineko, na hakikupima wala kusimamia kile kidogo ilichokuwa nacho. Wakati huo wengi walitegemea setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, ambako ombi na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde hata laini ikiwa tupu.

Kisha nyuzi zikafika. Kebo ya SEACOM ilifika Afrika Mashariki mwaka 2009. Upande wa Congo, kebo ya WACS iliyotua Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki, ilianza kutumika mwaka 2013. Muanda uko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, wakati mpaka wa Kasumbalesa uko kilomita 90 hivi. Ndiyo maana mji huu wa shaba umetazama sana kusini, kupitia Zambia, kutafuta njia ya intaneti kama unavyotafuta njia ya malori yake.

Majirani walijifunza kununua kwa pamoja. Kenya ina KENET tangu 1999, Uganda ina RENU, Tanzania ina TERNET: mitandao inayokusanya vyuo ili vipate laini nene kwa bei nafuu. Congo ina Eb@le, iliyoanzia vyuo vya Kinshasa, ambayo ni mwanachama wa UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao ya namna hiyo kusini na mashariki mwa Afrika.

Je, laini ikinenepa proksi haina kazi tena? Mwezi Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilitangaza kuipa Starlink leseni, baada ya kupiga marufuku vifaa vyake mwezi Machi 2024. Wengine wanaona sahani juu ya paa na kudhani ugawaji umekwisha. Lakini sahani moja kwa bweni zima ni robine moja kwa avenue nzima. Maji yakiongezeka, mapipa nayo yanaongezeka: video inapanda ubora yenyewe, masasisho yanakuwa mazito, na foleni inarudi.

Kanuni zisizo na jina la mtu

Mahali ambapo ugawaji huvunjika mara nyingi si kwenye mashine. Ni pale fundi anapoombwa amwachie rafiki, kisha rafiki wa rafiki, kisha ofisi nzima ya juu. Baada ya miezi miwili, kanuni zimebaki kwa wasio na mtu wa kuwasemea.

Dawa yake ni rahisi kuieleza, ngumu kuishikilia. Kipimo cha kila mtu kiandikwe na kubandikwa mlangoni mwa ukumbi. Wanaostahili zaidi, kama maabara inayotuma data au wanaotetea memwari wiki hiyo, watajwe kwa kazi yao, si kwa jina lao. Grafu ya matumizi ionekane na wote, ili kila mtu ajue laini ilikwenda wapi. Na ma-CP wa promosheni wakae mezani na fundi kanuni zinapopangwa, kwa sababu ndio watakaosikia malalamiko ya kwanza.

Mwanafunzi mwenyewe ana sehemu yake kabla ya proksi yoyote kuwekwa. Azime masasisho ya simu yanayoanza yenyewe kwenye wi-fi. Ashushe ubora wa video ya somo. Sauti ya profesa haipungui picha ikiwa ndogo. Faili iliyokwisha kupakuliwa aigawe kwa ufunguo wa USB au kwa bluetooth badala ya kuwaacha wenzake ishirini waivute tena.

Na akisikia tena "rezo haiko", aulize swali moja kabla ya kuondoka: je, laini imekatika, au imejaa? Jibu la kwanza linamtaka mwenye kuuza intaneti. La pili linawataka waliomo ndani ya ukumbi huo huo.